Mwacha Asili ni Mtumwa, Lakini Asili Ipi?

Katika kijiji cha Mkula, chini ya ukuta wa kijani wa Milima ya Udzungwa, mpunga ni maisha. Maji yashukayo kutoka mlimani huongozwa kwa mifereji hadi majarubani, na barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara hupita kando ya mashamba ya mpunga na ya miwa. Wali ndicho chakula cha nyumbani, cha harusini na cha msibani. Mchele huohuo ukiuzwa hulipa ada ya mtoto na nauli ya kwenda hospitali. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari wa Mkula anapoambiwa kwamba adui yake ni wali, na kwamba binadamu wa asili hakujua nafaka bali aliishi kwa nyama ya kuwinda, haambiwi jambo dogo. Anaambiwa aikane sahani iliyomlea.

Hoja hiyo huenea siku hizi kwa simu, kwa sauti zilizorekodiwa na kwa maneno ya wauzaji wa virutubisho, na hupambwa kwa methali ambayo kila mtu huiheshimu: mwacha asili ni mtumwa. Ina sehemu tatu. Kwanza, watu wa zama za mawe walikula nyama ya wanyama wakubwa. Pili, kwa sababu hiyo hawakuugua kisukari wala shinikizo la juu la damu. Tatu, mgonjwa wa leo akila kama wao, hatahitaji tena dawa. Sehemu ya kwanza ni nusu ya kweli. Ya pili haina ushahidi wa kuitegemeza. Ya tatu inaweza kuua.

Suala hili si la kupita. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, asilimia 9.1 walikutwa na kisukari, na takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hao ni watu wengi mno kuachwa mikononi mwa hadithi. Wala haitoshi kwa mhudumu wa afya kuicheka hadithi hiyo. Mgonjwa anayechekwa hunyamaza, na mgonjwa aliyenyamaza huacha dawa pasipo mtu kujua. Njia iliyo bora ni kuichukua hoja kwa uzito wake, kurudi kwa huyo mwindaji wa kale, na kuuliza alikula nini hasa, aliishije, na aliugua nini.

Kwa swali hilo hakuna haja ya kusafiri mbali. Nyuma ya Udzungwa, upande wa nyanda za juu, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini Iringa kwenye barabara iendayo Mbeya, kuna korongo la Isimila. Mwaka 1951 msafiri mmoja aliyekuwa akipita aliokota huko zana za mawe, na katika miaka ya 1957 na 1958 Profesa F. Clark Howell na wenzake walifanya uchimbaji. Zilionekana zana kwa wingi wa kushangaza: mashoka ya mkononi yaliyochongwa pande zote mbili, visu vizito vya mawe na vikwangulio, vilivyoachwa kando ya maji na watu walioishi zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Kulikuwa pia na mifupa ya kiboko wa aina ambayo sasa imetoweka duniani. Mtu wa Kilombero anayemwona kiboko wa leo akitoka mtoni usiku kuingia shambani anaweza kukisia ni ujasiri gani ulihitajika kumkaribia mnyama wa namna hiyo kwa jiwe na mti uliochongwa.

Lakini kuwapo kwa zana na mifupa mahali pamoja hakuthibitishi kwamba mwenye zana ndiye aliyemuua mnyama. Jambo hili limewagawa wataalamu kwa miaka mingi. Katika Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, mifupa ya wanyama imekutwa pamoja na zana zenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliichunguza mifupa hiyo kwa hadubini wakaona michirizi ya makali ya mawe pamoja na alama za meno ya wanyama wala nyama. Pengine mchirizi wa jiwe ulikuwa juu ya alama ya jino, maana yake mnyama alitangulia na mtu akafuata. Pengine ilikuwa kinyume chake. Mtu na fisi walipishana kwenye mzoga mmoja. Wapo wanaosema zamadamu hao walikuwa tayari wawindaji hodari, na wapo wanaosema walikuwa wakinyang'anya au kuokota mabaki. Linalokubalika kwa upana ni kwamba walivunja mifupa na kula uboho, na kwamba kadiri maelfu ya miaka yalivyopita uwindaji wenyewe ulizidi kuwa wa hakika. Huko Schöningen, Ujerumani, mikuki ya mbao yenye umri wa kati ya miaka 200,000 na 300,000 imehifadhika pamoja na mifupa ya farasi. Katika joto na unyevu wa nchi kama hii mikuki ya namna hiyo huoza, na jiwe hubaki peke yake kutoa ushahidi.

Hapo ndipo kosa la kwanza la hoja inayoenezwa linapoonekana. Jiwe na mfupa hudumu. Jani, tunda na kiazi havidumu. Anayehesabu chakula cha watu wa kale kwa kutazama kile kilichobaki tu ni kama mtu anayeingia jikoni asubuhi, akakuta mifupa ya samaki, kisha akaapa kwamba familia ile haikula wali wala mboga. Kila watafiti wanapopata njia ya kuona kilichopotea, mimea hujitokeza. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchimbaji wa Nyayanga, katika rasi ya Homa kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya. Huko kulikutwa mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa pamoja na zana zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Zana hizohizo zilionyesha dalili za kupondea na kukwangulia mimea. Katika pango la Ngalue, mkoani Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, chembe za wanga wa jamii ya mtama zilikutwa juu ya zana za mawe zenye umri wa takriban miaka 100,000. Katika pango la Border, Afrika Kusini, kumepatikana mizizi yenye wanga iliyoungua motoni miaka 170,000 iliyopita. Kwa hiyo wanga haukuanzia kwenye jaruba. Mwindaji aliujua, aliuchimba na aliupika.

Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi huongeza somo jingine, mradi lisemwe kwa heshima. Wahadzabe si masalia ya zama za mawe; ni Watanzania wa leo, wenye historia ndefu kama ya mtu mwingine yeyote. Hata hivyo wale kati yao waliodumu katika kuwinda na kukusanya wamewaonyesha watafiti jinsi maisha hayo yanavyoendeshwa kila siku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba mwindaji mmoja, akitafuta mnyama mkubwa, alirudi bila mnyama huyo siku 97 kati ya 100. Watoto hawakulala njaa siku hizo 97. Walikula mizizi iliyochimbwa na mama na bibi zao, matunda ya porini, ubuyu na asali. Watafiti walikuta pia kwamba mama anaponyonyesha mtoto mchanga, kukua kwa mtoto wake aliyeachishwa ziwa huendana na bidii ya bibi katika kuchimba mizizi. Mnyama mkubwa alikuwa sherehe. Bibi mwenye mti wa kuchimbia ndiye aliyekuwa ghala. Wakunga na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, wanaoona kila siku tofauti kati ya mzazi aliye na msaidizi nyumbani na yule asiye naye, watalielewa jambo hili upesi kuliko mchimbaji wa visukuku.

Mwili wenyewe pia hukataa kuishi kwa nyama tupu. Wanyamapori wa ukame huwa na mafuta machache, na ini la binadamu lina kikomo cha kiasi cha protini linachoweza kushughulikia kwa siku. Wasafiri wa nchi za baridi waliokula nyama isiyo na mafuta pekee waliugua kichefuchefu na kuharisha, wakadhoofika huku wakiwa wameshiba. Ndiyo maana mtu wa kale alihangaikia uboho na ubongo, akavunja mfupa baada ya mfupa. Alikuwa akitafuta mafuta, kwa maana nyama tupu haikumtosha.

Sehemu ya pili ya hoja husema kwamba watu hao walikuwa na afya kamili. Mifupa haisemi hivyo. Mwaka 1973, huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, yalipatikana mabaki ya mtu aliyeishi karibu miaka milioni 1.7 iliyopita, ambaye wataalamu wengi humhesabu kuwa mwanamke. Mifupa yake ya miguu na mikono ilikuwa imefunikwa na tabaka la mfupa usio wa kawaida. Mwaka 1982 Alan Walker na wenzake walipendekeza kwamba alipata sumu ya vitamini A kwa kula maini ya wanyama wala nyama, na kwamba damu ilivuja chini ya utando wa mifupa. Wengine wamependekeza sababu nyingine, na mjadala haujafungwa. Lakini maelezo hayo yanakumbusha kanuni ambayo kila mfamasia anaijua: kiasi ndicho kinachotofautisha lishe na sumu. Vitamini A hiyohiyo hutolewa nchini kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kila baada ya miezi 6, kwa kipimo maalumu, na huwakinga. Ikizidi huumiza mifupa, ini na mimba.

Kuna na mgeni mwingine aliyeletwa na nyama. Wengi hudhani kwamba tegu wa ng'ombe na wa nguruwe waliingia kwa binadamu alipoanza kufuga. Uchunguzi wa nasaba za minyoo hao, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha habari tofauti: ndugu wa karibu wa tegu wa binadamu ni minyoo wa simba na wa fisi, na uhamisho ulitokea Afrika, muda mrefu kabla ya ufugaji, zamadamu walipoanza kula wanyama wa jamii ya swala waliokuwa wakiliwa na simba na fisi. Kwa maneno mengine, binadamu hakuambukizwa na ng'ombe wake. Yeye ndiye aliyempa ng'ombe na nguruwe mdudu aliyempata mawindoni. Leo lava wa tegu wa nguruwe akiingia kwenye ubongo huweza kusababisha kifafa, na mgonjwa wa kifafa bado hunyanyapaliwa vijijini kana kwamba amelogwa. Huo nao ni urithi wa mwindaji, na hakuna muuzaji wa lishe ya asili anayeutaja.

Kwa bonde lililo kati ya Udzungwa na hifadhi kubwa za mashariki, habari hizi zina uzito wa pekee. Tembo, nyati, viboko na sheshe si wanyama wa vitabuni huku, ni majirani. Hapo ndipo dhana ya usafi wa nyama ya porini inapokuwa hatari, kwa kuwa nyama isiyopita kwa mkaguzi haina usafi wowote wa kuaminiwa. Kimeta huua wanyamapori na huua watu wanaowachuna: mwaka 2004 viboko wengi walikufa kwa ugonjwa huo katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, nchini Uganda. Brusela huleta homa inayorudi tena na tena, ambayo huweza kutibiwa kama malaria kwa miezi mingi bila kupona. Tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nje ya njia hiyo, mnunuzi hununua kosa la jinai pamoja na maradhi asiyoyajua. Na mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe haliwi, hata akichemshwa mchana kutwa, kwa sababu hatari huanza kwa mkono unaomchuna.

Je, basi hakuna lolote la kujifunza kwa mwindaji wa kale? Lipo, na si dogo. Yeye hakuwa na soda, wala mafuta ya kukaangia ya bei rahisi, wala chumvi ya kumwaga mezani. Hakukaa kitako siku nzima. Wahadzabe waliopimwa na watafiti hutumia zaidi ya saa 2 kila siku katika mwendo unaoupa moyo kazi, na shinikizo lao la damu halipandi sana kwa uzee kama linavyopanda mijini. Ni haki pia kukiri kwamba kupunguza wanga hushusha sukari ya wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili. Wanaosema wali mwingi mweupe, ulioliwa kwa mlima usiku na mboga kidogo pembeni, huipandisha sukari, hawasemi uongo. Kosa lao ni kugeuza shauri la kiasi kuwa vita dhidi ya chakula, na kugeuza chakula kuwa mbadala wa dawa.

Kosa hilo lina majina katika wodi. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kwa kuwa ameacha wanga, damu yake huweza kujaa asidi ndani ya siku chache akafa. Mgonjwa wa aina ya pili anayetumia glibenklamidi, akiacha ghafla ugali na wali huku akiendelea na vidonge kwa kipimo kilekile, sukari yake huweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Mwenye figo zilizochoka akijaza tumbo nyama kila mlo huzitwisha figo hizo mzigo zaidi. Na mwenye shinikizo la damu anayeacha vidonge kwa sababu anajisikia vizuri huenda asipate onyo lolote kabla ya kiharusi. Wote wanne walitaka afya. Hakuna kati yao aliyekuwa mpumbavu. Walikosa mtu wa kuwauliza.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa mhudumu. Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, pamoja na kupima sukari na presha, liongezwe swali moja lisilo na karipio: tangu tulipoonana, umebadilisha nini katika chakula chako, na nani alikushauri? Swali hilo huchukua nusu dakika. Jibu lake huweza kuonyesha kwamba kipimo cha dawa kinapaswa kupunguzwa leo, si mwezi ujao. Shauri la lishe nalo liseme lugha ya nyumbani. Kumwambia mkulima wa Mkula aache wali ni kumfukuza kliniki. Kumwambia apunguze wali uwe robo ya sahani, robo nyingine iwe kunde, maharage au samaki wa mtoni, na nusu nzima iwe mchicha, matembele au majani ya maboga, ni kumpa jambo analoweza kulitenda jioni hiyohiyo kwa vitu vilivyo shambani kwake.

Wajibu wa pili ni wa mgonjwa. Yuko huru kujaribu kubadilisha chakula, na mara nyingi atafaidika. Ila abadilishe akiwa ndani ya kliniki, si baada ya kuikimbia; aseme mapema, apimwe mara nyingi zaidi katika majuma ya mwanzo, na asiache dawa yoyote mpaka aliyemwandikia aseme aiache. Nyama ailiyo iwe imekaguliwa na kuiva. Na atembee, maana hapo kweli atakuwa amewafuata wazee.

Yule wa Koobi Fora ana neno la mwisho la kufundisha. Kama maelezo ya Walker ni sahihi, mtu huyo hakufa siku alipougua. Tabaka lile la mfupa lilihitaji majuma, pengine miezi, ili kukua. Muda wote huo alikuwa na maumivu makali, hakuweza kutembea kwenda majini wala kujilinda, katika nchi iliyojaa simba na fisi. Walker mwenyewe aliona maana yake: kuna waliomletea maji na chakula, na waliokesha naye usiku. Huko Dmanisi, nchini Georgia, fuvu lenye umri wa miaka karibu milioni 1.8 ni la mzee aliyekuwa amepoteza meno yote isipokuwa moja, na akaishi miaka kadhaa baada ya hapo. Ni vigumu kufikiri kwamba hakuna aliyemsaidia kupata chakula laini.

Ikiwa mwacha asili ni mtumwa, basi asili ya kuishika ni hiyo. Shoka la mkononi la Isimila limelala kimya korongoni, na viboko wa zama zake wametoweka. Kilichobaki hai ni desturi ya kumketi mgonjwa kitako, kumletea maji, na kutomwacha peke yake kwenye nyika. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa wake kwa basi kutoka Mkula hadi Ifakara alfajiri, akamshikia kadi yake ya kliniki kwenye foleni, anaitenda desturi hiyo. Anayemwambia mgonjwa huyo atupe vidonge vyake ndiye anayeiacha asili.